Somo Linalosubiri Jibu: Sayansi ya Kubuni Masomo ya Mtandaoni

Kwa vizazi vingi mtoto wa Mji Mkongwe wa Zanzibar alianza kusoma chuoni kwa ubao wa mti na wino. Mwalimu alimwandikia aya. Mtoto akaisoma kwa sauti pamoja na wenzake, kisha akaitwa mbele aisome peke yake. Akikosea alisahihishwa papo hapo. Akiisoma sawasawa, ubao ulioshwa, ikaandikwa aya nyingine. Vifaa vya elimu hiyo vilikuwa vichache mno, na yako mambo ambayo mwalimu wa leo angeyafanya kwa namna nyingine. Hata hivyo, ndani yake mlikuwa na kanuni tatu zilizo imara: mwanafunzi alitakiwa kutenda, si kusikiliza tu, alingojewa mpaka ajibu, na jibu lake lilipata neno kutoka kwa mtu aliyelisikia.

Siku hizi vijana wengi wa Afrika Mashariki, waliosomea kompyuta, ualimu au biashara, wanajaribu kuanzisha kampuni na mashirika ya kufundisha kwa njia ya mtandao. Kitu wanachokijenga huitwa jukwaa la kujifunzia: ni programu ya simu au ya kompyuta ambamo mwanafunzi hukuta masomo, maswali, majibu na kumbukumbu ya maendeleo yake. Mjasiriamali wa elimu hujiuliza jinsi ya kulifanya jukwaa lake livutie, na aghalabu jibu la kwanza linalomjia ni rangi, muziki, picha zinazocheza na zawadi. Makala haya yanaeleza kwa nini jibu hilo halitoshi. Liko tofauti kubwa baina ya somo linalovutia macho na somo linaloshughulisha akili, na tofauti hiyo imekwisha kupimwa, mara nyingine hapa hapa kwetu.

Wengi huingia, wachache hufika

Kuanzia mwaka 2012 vyuo vikuu viwili mashuhuri vya Marekani, Harvard na MIT, vilifungua kozi za mtandaoni ambazo mtu yeyote duniani aliweza kujiandikisha bila ada. Ripoti ya mwaka wa kwanza, iliyohusu kozi 17, ilihesabu maandikisho 841,687. Waliopata cheti walikuwa 43,196, yaani watu 5 hivi katika kila 100. Zaidi ya theluthi moja ya maandikisho, 292,852, yalikuwa ya watu ambao hawakufungua hata ukurasa mmoja wa masomo yenyewe.

Si haki kusema kwamba wote hao walishindwa. Wako waliotaka kuona tu, na wako waliochukua sura moja waliyoihitaji wakaondoka wameridhika. Lakini kwa mwanafunzi wa sekondari, ambaye mtihani wake hauulizi sura moja tu, kuacha njiani ni hasara ya kweli. Kwa hiyo inafaa kuitazama hesabu ya kuacha.

Tuseme wanafunzi 1,000 wameanza kozi yenye vipindi 40, na katika kila kipindi wanafunzi 10 kati ya kila 100 waliokuwapo hawarudi tena. Waliobaki baada ya kipindi cha kwanza ni 900, baada ya cha pili ni 810, na kuendelea. Baada ya vipindi 10 watabaki 349. Baada ya vipindi 40 watabaki 15 tu. Sasa tuseme mbunifu ameboresha vipindi vyake hata wanaoacha wakawa 3 kati ya 100 badala ya 10. Baada ya vipindi 40 watabaki 296. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kuthibitisha jambo hili mwenyewe kwa kuzidisha 1,000 kwa 0.9 mara 40, kisha kwa 0.97 mara 40. Tofauti ndogo katika kila kipindi hugeuka kuwa tofauti ya karibu mara 20 mwishoni mwa mwaka. Ndiyo maana kazi ya mbunifu imo ndani ya kila kipindi kimoja kimoja, wala haimalizwi na matangazo mazuri ya siku ya uzinduzi.

Redio iliyojua kunyamaza

Unguja si mgeni wa elimu inayopita hewani. Redio ya Sauti ya Unguja ilianzishwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilipata televisheni ya rangi, miaka 20 hivi kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yoyote. Lakini mfano unaomfaa zaidi mbunifu wa leo ni mradi wa redio ulioanza mwaka 2006.

Mradi huo, uliojulikana kwa kifupi kama RISE, uliendeshwa na Wizara ya Elimu ya Zanzibar pamoja na shirika la Education Development Center la Marekani, kwa fedha za msaada wa nchi hiyo. Ulikusudiwa watoto wa maandalizi na wa madarasa ya mwanzo, na hasa wale wa vijiji ambavyo skuli za maandalizi hazikufika. Vipindi vyake viliitwa Tucheze Tujifunze. Mahali pasipokuwa na darasa, watoto walikusanyika katika vikundi vya kijijini, wakiangaliwa na mtu mzima wa hapo hapo aliyepewa mafunzo mafupi, na redio ikawa ndiyo mwalimu kiongozi.

Siri ya vipindi vya namna hiyo ni ukimya. Sauti ya redio huuliza swali, kisha hunyamaza kwa sekunde chache zilizopimwa, watoto wajibu kwa pamoja, ndipo sauti irudi na kutaja jibu lililo sahihi. Huwaambia wasimame, wahesabu vijiti, waimbe, waguse pua, wachore umbo mchangani, na kila mara huwangojea. Redio haisikii, haijui mtoto amejibu nini. Lakini kwa kuwa wabunifu walikwisha kuwajaribu watoto kabla ya kurekodi, walijua ni swali gani litajibiwa kwa sekunde mbili na lipi litahitaji tano. Chombo kisicho na masikio kikafanya kazi karibu na ile ya mwenye masikio.

Mbinu hii ilianzia mbali. Mwaka 1974 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakishirikiana na serikali ya Nicaragua, walianza kufundisha hisabati za shule ya msingi kwa redio. Katika kila kipindi mtoto alitakiwa kujibu makumi ya mara. Majaribio madogo yalitolewa mara kwa mara kwa wanafunzi wachache, na vipindi vilivyofuata vikarekebishwa kulingana na makosa yaliyoonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbinu hiyo ilitumiwa nchini Kenya kufundisha Kiingereza. Ilipofika Zanzibar ilikuwa imekwisha kupita katika mikono mingi, na tathmini ya mradi wa RISE ilionyesha kwamba watoto waliofuata vipindi walipiga hatua kubwa zaidi kuliko wenzao ambao hawakuvifuata.

Mbunifu wa jukwaa la mtandaoni ana chombo kinachosikia, kinachohesabu na kinachokumbuka. Ni ajabu, basi, kwamba masomo mengi ya mtandaoni ni hotuba ndefu zilizorekodiwa, ambazo hazimsubiri mtu wala hazimwulizi neno.

Kwa nini kuulizwa hufundisha

Watu wengi hudhani kwamba swali ni kipimo tu: elimu huingia kwa kusoma, na swali huja baadaye kuonyesha kilichoingia. Utafiti umeonyesha kwamba swali lenyewe hufundisha. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitangaza jaribio ambalo mwalimu yeyote anaweza kulielewa. Wanafunzi walipewa vifungu vya sayansi kusoma. Kifungu kimoja walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakaandika kwa kichwa kila walichokikumbuka, bila kutazama. Baada ya dakika tano, kifungu kilichosomwa mara mbili kilikuwa mbele: walikumbuka asilimia 81 ya mambo yake, na ya kile kingine asilimia 75. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Ya kifungu kilichosomwa mara mbili walikumbuka asilimia 42, na ya kile walichojaribiwa asilimia 56.

Katika matokeo hayo mna onyo kwa mjasiriamali. Anayempima mwanafunzi dakika tano baada ya somo atadhani kwamba njia dhaifu ndiyo bora. Mwanafunzi mwenyewe naye hudanganyika, kwa sababu kukisoma tena kitu alichokwisha kukisoma humpa hisia tamu ya kukijua. Kujilazimisha kukumbuka ni kazi ngumu, na ugumu huo ndio unaokaza fundo.

Kanuni ya pili ni ya nafasi. Swali likirudi baada ya siku moja, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, hukaza kumbukumbu zaidi kuliko likirudiwa mara tatu katika usiku mmoja. Mwaka 1972 mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner alieleza njia ya kuitumia kanuni hii kwa kasha lenye vyumba na kadi za karatasi: kadi iliyojibiwa sawasawa husogezwa chumba cha mbele, ambacho hufunguliwa kwa nadra, iliyokosewa hurudishwa chumba cha kwanza, ambacho hufunguliwa kila siku. Programu ya simu inaweza kufanya kazi hiyo bila kuchoka. Vilevile mwanafunzi wa Makunduchi asiye na simu anaweza kuifanya kwa kasha la viatu na vipande vya karatasi. Haba na haba hujaza kibaba, ila katika kumbukumbu ni lazima pawe na muda baina ya haba moja na nyingine.

Kanuni ya tatu ni ya urefu. Mwaka 2014 ulitolewa uchunguzi wa mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi walitazama video za kozi za mtandaoni. Video fupi, za chini ya dakika sita, ndizo zilizotazamwa vizuri zaidi; zilipozidi kurefuka, watazamaji waliziacha njiani. Hii haina maana kwamba fikra za mwanafunzi ni fupi. Maana yake ni kwamba baada ya dakika chache za kusikiliza hapana budi afanye jambo.

Je, zawadi? Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walifanya jaribio kwa watoto wa umri wa miaka mitatu hadi mitano waliopenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa tuzo ikiwa watachora. Wiki chache baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, watoto waliokuwa wameahidiwa tuzo walizitumia kwa asilimia 8.6 tu ya muda wao wa hiari. Ambao hawakuahidiwa wala kupewa kitu walizitumia kwa asilimia 16.7. Tuzo iligeuza mchezo kuwa ajira, na ajira ilipokwisha, mfanyakazi akaondoka. Jukwaa linalomwagia mwanafunzi nyota na vikombe linaweza kumfundisha kupenda nyota badala ya kemia.

Waya, mnara na ukuta wa mawe

Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi. Mwanafunzi wa Nungwi, kaskazini, na yule wa Makunduchi, kusini, wanafanya mtihani mmoja na mwenzao wa Mji Mkongwe, lakini mtandao hauwafikii kwa namna moja. Mbunifu asiyezijua njia ambazo somo lake litapita amebuni nusu tu ya kazi yake.

Tuanze na uzito wa somo. Video ya dakika sita, iliyobanwa kiasi cha kilobiti 400 kwa sekunde, huchukua sekunde 360 mara 400, yaani kilobiti 144,000. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo ni kilobaiti 18,000, au megabaiti 18. Sauti peke yake, iliyobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, kwa muda huo huo ni megabaiti 1.44. Ukurasa wa maandishi wenye herufi 2,000 ni kilobaiti 2 tu. Video moja fupi, basi, ina uzito wa kurasa 9,000 za maandishi. Vipindi 40 kwa video ni megabaiti 720; kwa sauti ni megabaiti 58 hivi. Na ujumbe mfupi wa simu, ule unaoweza kusomwa hata katika simu ya vibonye, una baiti 140: herufi 160, kila moja ikichukua biti 7.

Megabaiti hizo hulipiwa, na aghalabu si mwanafunzi anayezilipia. Wanafunzi wengi hawaruhusiwi kwenda na simu skuli. Simu ni ya baba au ya mama, nayo hurudi nyumbani jioni. Katika nyumba yenye watoto wanne, kila mmoja huipata kwa zamu, pengine kwa robo saa baada ya sala ya Isha, kabla ya betri kwisha. Jukwaa linalodhani kwamba kila mwanafunzi ana simu yake, muda wake na vocha yake limembuni mwanafunzi asiyekuwapo. Linalofaa ni lile linaloruhusu majina kadhaa katika simu moja, linalohifadhi somo ndani ya simu ili lisomwe bila mtandao, na linalokumbuka pale kila mtoto alipokatishwa.

Hata katika Mji Mkongwe, penye minara ya simu karibu, liko tatizo jingine. Nyumba za kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Mawimbi ya redio ya FM hutetema mara milioni 100 hivi kwa sekunde, na urefu wa wimbi moja ni meta 3. Mawimbi ya simu yanayotetema mara milioni 1,800 kwa sekunde yana urefu wa sentimeta 17 hivi, kama mwanafunzi wa fizikia atakavyoona akigawanya kasi ya mwanga kwa idadi ya mitetemo. Kwa jumla, mitetemo ikizidi kuwa mingi, ukuta mnene huyameza mawimbi zaidi. Ndiyo maana katika nyumba hizo mtu hutoka chumbani akaenda dirishani au darini ili simu ipate nguvu.

Mwisho ni umeme. Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari baina ya Ras Kiromoni na Fumba. Waya wa kwanza, wa megawati 45, ulianza kazi mwaka 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, na hali ikawa bora zaidi. Lakini somo la miezi ile mitatu linabaki: mfumo wa elimu unaotegemea uzi mmoja hukatika pamoja na uzi huo. Redio ya betri, kitabu na kasha la kadi havikuhitaji waya wa baharini.

Mifano kutoka ng'ambo ya mkondo

Upande wa pili wa mkondo wa bahari iko mifano mitatu inayostahili kutazamwa.

Wa kwanza ni Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013. Mwanzoni mwa mwaka 2014 lilianza kuonyesha katika televisheni ya taifa, TBC1, katuni za Kiswahili za kufundisha hisabati na sayansi, zilizoitwa Ubongo Kids. Wabunifu wake waliunganisha vyombo viwili ambavyo familia zilikwisha kuwa navyo: wakati kipindi kinaonyeshwa swali lilitolewa, na mtoto aliweza kujibu kwa ujumbe mfupi kutoka simu yoyote, hata iliyo duni. Televisheni ikapata sikio. Baadaye lilitoa Akili and Me kwa watoto wadogo. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018, uliohusisha watoto zaidi ya 500, ulionyesha kwamba waliotazama vipindi hivyo waliendelea zaidi katika kuhesabu na kutambua namba na maumbo kuliko waliotazama vipindi vingine.

Wa pili ni Shule Direct, lililoanzishwa mwaka 2013 na Faraja Kotta Nyalandu, likiwakusudia wanafunzi wa sekondari. Liliweka mtandaoni masomo yanayofuata mtaala wa Tanzania, na kwa wale wasio na simu za kisasa likatumia maswali ya ujumbe mfupi. Hapa nako mbunifu aliuliza kwanza mwanafunzi ana nini mkononi, ndipo akachagua chombo.

Wa tatu ulitokea Tanga. Shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lenye tuzo ya dola milioni 15, liliwataka washindani wabuni programu itakayomwezesha mtoto kujifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili au Kiingereza bila mwalimu. Programu tano zilizofika fainali zilijaribiwa kwa miezi 15 na watoto wapatao 3,000 katika vijiji vya Mkoa wa Tanga, kwa kompyuta za bapa zilizopata umeme wa jua. Kabla ya jaribio, zaidi ya 90 katika kila watoto 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwisho wake idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 tuzo kuu iligawanywa baina ya Kitkit School na onebillion, na programu zote tano ziliachwa wazi ili yeyote azitumie na kuzirekebisha.

Matokeo hayo yana pande mbili, na mwalimu mwenye busara atazitazama zote. Upande mmoja, watoto wengi ambao hawakupata kukanyaga darasani walijifunza kusoma kwa kuulizwa, kungojewa na kujibiwa na mashine isiyochoka. Upande wa pili, baada ya miezi 15 karibu nusu ya watoto hao walikuwa bado hawawezi kusoma neno. Mashine ilipokomea, alihitajika mtu. Tucheze Tujifunze walilijua jambo hili tangu mwanzo, ndiyo maana kila kikundi cha kijiji kiliwekewa mlezi.

Hesabu ya mjasiriamali

Biashara ya elimu ya mtandaoni ina umbo lake la hesabu. Tuseme kutayarisha mada moja, pamoja na malipo ya mwalimu, mchoraji na mtunga programu, ni shilingi 2,000,000, na kuifikisha kwa mwanafunzi mmoja ni shilingi 50. Wakiwa wanafunzi 100, kila mmoja anagharimu shilingi 20,050. Wakiwa 10,000, kila mmoja anagharimu shilingi 250. Wakiwa 100,000, ni shilingi 70. Gharama ya kutayarisha hugawanyika na kupungua. Gharama ya kufikisha haipungui.

Hapa ndipo kilipo kishawishi. Njia rahisi ya kupunguza gharama ya kampuni ni kuihamishia kwa familia: kuweka video nzito, mzazi alipie megabaiti. Katika vitabu vya kampuni mada ile itaonekana ya bei nafuu, huku mlangoni mwa nyumba ya Jambiani imekuwa ghali. Bei ya kweli ya somo hupimwa mlangoni pale, si ofisini.

Kishawishi cha pili ni cha kipimo. Anayemtafuta mfadhili hupenda kuonyesha idadi ya walioingia na dakika walizokaa. Lakini dakika si elimu. Mtoto anaweza kukaa saa nzima akikusanya nyota, na mwingine akakaa dakika 12, akakosea maswali matano, akayarudia na kuyajua. Kipimo cha haki ni kimoja: mwanafunzi anajua nini wiki hii ambacho wiki iliyopita hakukijua, na je, wa shamba anajifunza sawa na wa mjini? Jukwaa likimwinua mwenye simu nzuri peke yake, litakuwa limepanua pengo ambalo lilidai kuliziba.

Jaribio la darasani

Walimu na wanafunzi hawana haja ya kungoja kampuni yoyote ili waipime kanuni iliyoelezwa hapa. Chagueni kifungu kifupi cha biolojia ambacho hakijafundishwa. Ligaweni darasa katika makundi mawili kwa kura, si kwa kupendana wala kwa madaraja ya mtihani, ili makundi yafanane. Kundi la kwanza lisome kifungu kwa dakika saba, lipumzike, kisha likisome tena kwa dakika saba. Kundi la pili lisome kwa dakika saba, lipumzike, kisha lifunike karatasi na kuandika yote linayoyakumbuka kwa dakika saba. Kabla ya kuachana, kila mwanafunzi aandike anavyodhani atakumbuka kiasi gani. Baada ya wiki moja, bila kutangaza, yapeni makundi yote mtihani mmoja na mlinganishe wastani. Linganisheni pia dhana ya kila mmoja na alichopata.

Anayetaka kuwa mbunifu wa masomo ya mtandaoni na aanzie hapo, kwa karatasi, kabla ya kununua kompyuta. Achukue somo moja, aliweke mbele ya watoto watano, akae kimya awatazame: wapi wamekwama, wapi wamechoka, swali gani limewafanya wainue macho. Alirekebishe, alijaribu tena. Wabunifu wa redio walifanya hivyo, na mwalimu wa chuoni, mtoto aliposimama mbele yake na ubao mkononi, aliyaona yote hayo kwa jicho moja. Vyombo vimebadilika, navyo vitazidi kubadilika. Mtoto bado anahitaji kuulizwa, angojewe, kisha ajibiwe.